Figo Bei Gani? Jinsi Vijana Wanavyosema Shida Zao kwa Kucheka

Mwanzoni mwa 2024, saa tano usiku, jamaa mmoja aliandika hivi kwenye grupu letu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja chuo: "Wakuu, figo bei gani siku hizi?"

Hazikupita dakika kumi, vicheko vikajaa. Mmoja alimjibu kwamba inategemea, figo yenyewe ni ya maji au ya bia. Mwingine akasema soko limeshuka, wauzaji wamekuwa wengi kuliko wanunuzi. Mimi nilitafuta kikatuni cha mtu aliyesimama juu ya mzani wa buchani, nikakituma, nikaona nimechangia vya kutosha, nikalala.

Wiki mbili baadaye, wengi wetu tulipokea ujumbe kutoka namba tusiyoijua. Ulisema fulani amekopa akaingia mitini, wewe ndiye mdhamini wake, mwambie alipe kabla hajachukuliwa hatua. Hatukuwa wadhamini wa mtu. Kosa letu ni kwamba namba zetu zilikuwamo kwenye simu yake. Jamaa alikopa laki moja na nusu kwenye programu ya simu, akapokea pungufu kwa sababu ada ilikatwa palepale, akatakiwa arudishe yote na ziada ndani ya siku saba. Akakopa ya pili alipe ya kwanza, akakopa ya tatu alipe ya pili. Usiku ule wa figo ndio ulikuwa mwisho wa siku saba za ile ya tatu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma utani wa vijana mtandaoni kwa jicho jingine, na swali moja limenikaa: kwa nini mtu aliyekwama kwelikweli aliseme jambo lake kama mzaha, usiku, mbele ya watu arobaini, wakati angeweza kumpigia mmoja wetu mchana akasema "nimekwama"? Wazee wanalo jibu lao la haraka, kwamba vijana wa siku hizi hawako siriasi. Jibu hilo ni rahisi mno, na nadhani limekosea mahali pa kuangalia. Tatizo haliko kwenye ulimi wa kijana. Liko kwenye aina ya shida aliyonayo.

Shida zenye utaratibu na zisizo nao

Angalia grupu hilohilo mtu anapofiwa. Hapo hakuna anayehitaji ubunifu. Ujumbe unakuja umenyooka: mwenzetu fulani amefiwa na baba yake mzazi, msiba uko Mbagala, maziko kesho baada ya adhuhuri, mweka hazina ni fulani, rambirambi zitumwe namba hii, mwisho saa mbili usiku. Kisha orodha inaanza kuzunguka. Wa kwanza anaweka jina na kiasi, wa pili ananakili orodha nzima na kuongeza lake, hadi inafika thelathini na kitu. Hata mtu ambaye hajaandika neno kwenye grupu tangu mwaka juzi anaibuka na elfu kumi yake.

Harusi nayo ina kadi, kamati, vikao na ahadi. Ugonjwa una bili ya hospitali, na bili ikipigwa picha inajieleza yenyewe. Mtoto akizaliwa kuna pesa ya uzazi. Kwa mambo haya yote jamii imekwisha kutengeneza njia, na anayeomba hajioni ombaomba, kwa sababu si yeye anayeomba, ni utaratibu unaoomba kwa niaba yake.

Sasa jaribu kuutumia utaratibu uleule kwa mambo mengine. "Mwenzetu hana kazi, huu ni mwaka wa tatu, mweka hazina ni fulani." "Mwenzetu ameachwa na mchumba, barua ilikuwa imeshapelekwa, rambirambi mwisho kesho saa mbili." Umeshaanza kutabasamu, na hapo ndipo ushahidi ulipo. Kukosa ajira, kudaiwa, kuachwa, kurudi kuishi kwa wazazi ukiwa na miaka ishirini na nane, kumaliza chuo na kukaa nyumbani mpaka mdogo wako naye anamaliza: haya yanauma pengine kuliko msiba wa mjomba uliyemwona mara mbili maishani, lakini hayana kadi, hayana kamati, hayana hata neno la kuanzia. Mtu akiyasema wazi, mwenzake hajui ajibu nini. "Pole" ni fupi mno. "Mungu atafungua njia" ni kama kufunga mazungumzo.

Mzaha ndio unaoziba pengo hilo. Ukisema "figo bei gani" umesema unahitaji pesa vibaya sana, lakini umeacha mlango wazi wa kutokea. Akitokea mtu akashtuka na kukuuliza pembeni, vizuri. Asipotokea, umechekesha watu, hukupoteza kitu. Ni kama mvuvi anayetumbukiza mti kupima kina kabla ya kushuka. Hawezi kushuka moja kwa moja kwa sababu hajui kuna nini chini.

Utani bila wajibu

Kuna mtu ataniambia hili si jipya, na ana haki. Utani ni mali yetu ya zamani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na undugu huo wa matusi matamu unahusishwa na safari ndefu za misafara kati ya bara na pwani katika karne ya 19. Wapare na Wachaga mpaka leo hawapitani bila kuchomana kuhusu pesa na ubahili. Hata msibani mtani ana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo: anaweza kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, anaweza kumuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na waliofiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka.

Ila yule mtani aliyelala kaburini ndiye huyohuyo unayemkuta akichota maji, akipasua kuni, akishika jembe. Uhuru wa kucheka na shida ya mwenzako ulilipiwa kwa kazi ya mikono kwenye shida hiyohiyo. Mtandao umechukua nusu ya kwanza ya mkataba huo na kuiacha nyingine kijijini. Tuliomcheka mwenye figo tulikuwa watani wazuri sana kwa maneno. Jembe hakulishika mtu.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana utani huo umezaa Kiswahili ambacho hakuna chuo kingekizaa. Miaka ya mwanzo ya utawala wa Magufuli, fedha zilipokuwa ngumu mitaani, watu hawakusema uchumi umedorora. Walisema "vyuma vimekaza", na kila aliyewahi kuhangaika na nati iliyoshika kutu alielewa bila kufafanuliwa. Wanaobeti hawasemi wamepoteza pesa, wanasema mkeka umechanika. Mwanafunzi wa chuo hasemi posho ya Bodi ya Mikopo imetoka, anasema bumu limetoka, na likikata anasema anaishi kwa neema. "Mambo ni mengi, muda ni mchache" leo ni jibu la kila anayekwepa kueleza kwa nini hakuja.

Ukikaa na lugha hii muda mrefu unaanza kusikia ngazi zake. "Vyuma vimekaza" ni hali ya hewa tu, kila mtu anasema, haina haja ya kujibiwa. "Dah" peke yake, bila kingine, ni nzito kidogo. "Wadau naombeni ushauri, kuna jamaa yangu…" ni nzito zaidi, na kila mtu anajua huyo jamaa ni nani. Mimi ninayemwogopa ni yule ambaye kwa kawaida anachekesha, halafu siku moja anaandika sentensi kamili, yenye nukta mwishoni.

Grupu la ukoo na grupu la wana

Kijana wa kawaida mjini anaishi kwenye magrupu matano au sita kwa wakati mmoja, na hasemi jambo moja kwa sura moja kote. Kwenye grupu la ukoo, ambako baba mdogo anatuma "Asubuhi njema wanafamilia" yenye picha ya maua, yeye ni mtoto. Hapo anajibu "Amina" na "Shikamooni". Akiandika kwamba hajala tangu jana, mama mkubwa atapiga simu, kisha shangazi atapiga, kisha habari itafika Moshi au Tabora ikiwa imeota mkia, na jioni baba yake atauliza kwa nini anaidhalilisha familia. Si kwamba hawampendi. Wanampenda kwa namna inayogeuka kuwa kikao.

Kwenye grupu la wana wa mtaani ni mwanaume kati ya wanaume, au dada mjanja kati ya madada wajanja, na hapo udhaifu una bei. Kwenye grupu la kazini, mwenye grupu ni bosi. Zinabaki sehemu mbili za kusemea: stetasi na watu wasiomjua.

Stetasi ya WhatsApp ilikuja Februari 2017, na kwa watu wa pwani haikuhitaji maelekezo. Ni kanga. Bibi zetu walipokuwa na neno na jirani au mke mwenza hawakulitamka, walinunua doti yenye jina linalofaa na kupita nalo uani mara tatu. Aliyehusika alisoma, asiyehusika aliona ua tu. Stetasi inafanya kazi ileile, na uzuri wake ni kwamba inakuonyesha nani amepita uani. Mtu anaandika "Wapo wanaojua wanachofanya", kisha anakaa kuhesabu waliotazama, akimsubiri mmoja tu.

Watu wasiomjua ndio wanaowashangaza wazazi zaidi. Inakuwaje binti asiyemwambia dada yake jambo lolote aingie kwenye laivu ya TikTok usiku wa manane na kueleza ndoa yake mbele ya watu mia tatu? Hapo mantiki ni ileile ya abiria wa basi la mkoani. Mtu uliyekaa naye kutoka Dar hadi Mwanza unaweza kumwambia mambo ambayo kasisi wako hayajui, kwa sababu mkifika stendi kila mtu anachukua begi lake. Mgeni hawezi kukuuliza kesho. Hawezi kukutazama kwenye harusi ya binamu yako akijua. Usiku una nafasi yake pia: chumba kimetulia, wa nyumbani wamelala, na kwa miaka mingi vifurushi vya usiku vimekuwa nafuu kuliko vya mchana, kwa hiyo hata bando lenyewe limewazoesha vijana kusema ya moyoni saa ambayo wenye majibu wamelala.

Halafu kuna tiki za bluu. Tangu WhatsApp ilipozileta Novemba 2014, kimya kimepata ushahidi. Zamani ulipoandika barua bila kujibiwa ulijifariji kwamba posta imeipoteza. Sasa unajua amesoma saa mbili na dakika kumi na nne. Ukimwandikia rafiki mmoja "nimekwama, nisaidie laki" ukaona bluu na kimya, urafiki umekufa na umeona saa ulipofia. Ukiandika mzaha kwenye grupu la watu arobaini, hakuna anayewajibika kujibu, kwa hiyo hakuna anayekukataa. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya watu kusemea kundini.

Wanachokilalamikia

Ni mambo machache yanayojirudia: kazi, mapenzi, pesa, na wazazi wasioelewa kwamba kazi hakuna. Mapenzi nayapita haraka. Si kwamba hayaumi, ila ukichunguza vizuri, nusu ya malalamiko ya mapenzi ni ya kazi yaliyovaa nguo nyingine. Mahari, kodi ya chumba, nauli ya kumtumia aje, vyote vinarudi kwenye mfuko.

Kazi ndiyo kiini. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya watu 135,000. Karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Usaili wa maandishi ulipofanyika, mitandao ilijaa vichekesho: picha za umati wenye kaptula za mpira zikiandikwa "tunaelekea kwenye usaili", mtu akiuliza kama kuna nafasi ya anayefungua geti la wanaofanya usaili. Kijana aliyeenda, akapanga foleni, akarudi na asilione jina lake, alikuwa na njia gani nyingine ya kulisema? Akisema "nimefeli usaili" amejishusha. Akisema "tulikuwa wengi kuliko mashabiki wa dabi ya Kariakoo" amesema jambo lilelile, na aibu imegawanywa kwa watu laki moja na zaidi.

Ongeza hapo kwamba wengi wao wanadaiwa kabla hawajaanza. Posho ya chakula na malazi ya wanufaika wa Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa mtoto wa mkulima lile bumu la kwanza ni pesa nyingi kuliko zote alizowahi kushika. Baadhi ya waliolipokea walikuwa wakituma nyumbani. Wanamaliza chuo, bumu linakatika siku moja, na nyumbani walishazoea kutumiwa. Hili ni pengo ambalo hakuna anayelitaja kwenye mahafali: kijana alikuwa na kipato akiwa mwanafunzi, akawa hana akiwa msomi. Siku atakapopata ajira, sheria ya tangu 2016 inataka asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi irudi Bodi kila mwezi.

Kati ya kukatika kwa bumu na kupatikana kwa ajira ndipo programu za mikopo zilipopiga kambi. Mtaani zinaitwa kausha damu, jina walilokuwa nalo kwanza wakopeshaji wa mitaani waliokuwa wakiwafuata akina mama hadi kuwabebea magodoro. Zilipohamia kwenye simu ziligundua kitu ambacho wakopeshaji wa zamani hawakuwa nacho, yaani orodha ya namba za mdaiwa. Godoro halihitajiki tena ukishika jina la mtu. Ndiyo maana ujumbe ule ulitufikia wengi kwa mpigo: dhamana ya mkopo wa yule jamaa ilikuwa ni aibu yake mbele yetu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuwaonya wananchi wasizitumie. Ilikuwa hatua nzuri, na kwa wengi ilichelewa.

Tazama jinsi mambo mawili yanavyokutana hapo. Kijana anaficha shida kwa mzaha ili asiaibike. Mkopeshaji anajua anaficha, na anauza kitisho cha kumfichua. Matapeli nao wanasoma magrupu hayohayo. Anayeandika "vyuma vimekaza" mchana, jioni anapata ujumbe wa mtu asiyemjua mwenye mchongo wa kufanya kazi ukiwa nyumbani, unatanguliza elfu thelathini tu ya usajili. Sisi marafiki tulishindwa kuusoma mzaha. Wao waliusoma vizuri kabisa.

Umbea, skrinishoti na sheria

Wenye mamlaka mara nyingi wamelitazama soga hili na kuona umbea. Rais Museveni wa Uganda, mwaka 2018, alilitumia hasa neno lugambo, yaani umbea kwa Kiganda, alipotaka mitandao ya kijamii itozwe kodi, na kuanzia Julai mwaka huo Waganda wakawa wanalipa shilingi 200 za kwao kwa siku kabla ya kufungua WhatsApp au Facebook. Wengi wakajifunza haraka VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe, kwa hiyo umbea na utafiti vikalipiwa sawa.

Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu kusambaza taarifa za uongo. Kijana wa kawaida hajakisoma kifungu, lakini anajua kipo, na hilo linatosha kubadilisha sarufi yake. Majina hayatajwi. Kunakuwa na "wale jamaa", "mamlaka husika", na ile nchi ya kufikirika inayoitwa "kuna nchi moja jirani" ambayo ina matatizo yote ya kwetu pamoja na foleni ya Kimara.

Kinachoogopwa zaidi ya sheria lakini ni skrinishoti. Sheria iko mbali, mwenye skrinishoti ni rafiki yako. Grupu la WhatsApp lilipokuwa na ukomo wa watu 256 bado uliweza kujidanganya kwamba mko kijiweni. Mwaka 2022 ukomo ulifika 1,024, na kijiwe cha watu elfu moja si kijiwe, ni stendi. Siri ikitoka haijulikani imetokea mlango gani. Mzaha unasaidia hapa pia: ukipigwa skrinishoti unasema "nilikuwa natania", na ni kweli ulikuwa unatania.

Kicheko kinapokuwa kura

Nimesema shida isiyo na utaratibu husemwa kwa mzaha. Kuna ubaguzi mmoja mkubwa, nao ni pale inapogundulika kwamba shida ni ya wote. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi vya intaneti zilipoanza kutumika, hakuna aliyejificha nyuma ya figo. Watu walipiga kelele waziwazi, na siku hiyohiyo au iliyofuata bei hizo zikawa zimesitishwa. Julai mwaka huo ikaja tozo ya miamala ya simu, kelele zikarudi, na kufika Septemba viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Kulalamikia bando si aibu kwa sababu hakuna anayeweza kukuuliza, "Kwani wewe tu?"

Swali ni jinsi watu wanavyogundua kwamba shida ni ya wote, na hapo kicheko kina kazi ambayo nilichelewa kuielewa. Emoji ya kucheka chini ya mzaha wa kukosa pesa mara nyingi haimaanishi "unachekesha". Inamaanisha "hata mimi". Ni kura. Wakenya walimwita Rais Ruto Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili aliyepanda mkuyu, na kwa miezi lilikuwa ni jina la kuchekea tu, la kuandika chini ya picha ya risiti. Halafu ikaja Juni 2024 na muswada wa fedha, na jina lililokuwa mzaha wa simu likawa wimbo wa barabarani: "Zakayo shuka!" Tarehe 25 vijana waliingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatausaini muswada. Wachambuzi walishangaa vijana wametoka wapi. Walikuwa wakihesabiana kwa muda mrefu, kicheko kimoja baada ya kingine.

Wakati hakuna mzaha tena

Kuna neno moja ambalo sipendi kulichambua kwa utani, nalo ni "nimechoka". Kwa lugha ya vijana linaweza kumaanisha kuchoka na mpenzi, na kazi, na timu inayofungwa kila Jumamosi. Linaweza pia kumaanisha kuchoka kuishi. Ugumu wa kuzitofautisha haukuletwa na simu peke yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na Kenya ilikuwa hivyohivyo mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu chao kuwa kinyume cha Katiba. Mtu ambaye dini inamwambia ni dhambi, ukoo unamwambia ni laana na sheria inamwambia ni jinai, hawezi kuandika jambo hilo kwa maneno yake halisi. Ataandika "nimechoka wanangu", ataweka kicheko mwishoni, na atasubiri.

Anayehitajika hapo ni mtu wa kumpigia simu na kumuuliza kwa jina la jambo lenyewe: unafikiria kujidhuru? Watu huogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia wazo. Sivyo, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo asilokuwa nalo, na mara nyingi kunamtua mzigo wa kulisema yeye wa kwanza. Kisha usimwache peke yake, umtafute mtu mzima anayemwamini, mwende hospitali pamoja. Kwa aliye chini ya miaka 18 Tanzania kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, na kupiga ni bure.

Yule mwenye figo hakufika huko, au hakuniambia. Deni lake tulilimaliza kwa njia ya kuchekesha kidogo: mmoja wetu aliandika ujumbe kama wa msiba. Mweka hazina ni fulani, namba ni hii, mwisho saa mbili usiku. Orodha ikazunguka kama kawaida na watu wakaongeza majina yao bila kuuliza. Ilitosha kumpa utaratibu.

Miezi kadhaa baadaye tulikaa naye Sinza, nikamuuliza kwa nini usiku ule hakuendelea, hata kwa kunifuata mimi inboksi. Akasema alikuwa amepanga. Alikuwa ameandika kabisa, hajatuma. "Ila nilivyoona mnacheka vile nikaona kumbe wote mko humohumo. Nikaona aibu kuwasumbua."

Nikamwambia hapana, sisi wengine tulikuwa tunatania tu. Akanitazama, akanitajia yule aliyeandika kwamba wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi. Naye usiku ule alikuwa na programu mbili.